Waya na Upepo: Simu Ilivyoitafuta Mloka

Vita vya delta ya Rufiji vilipiganwa kwa mizinga, lakini vilimalizwa na mawasiliano. Tangu mwishoni mwa Oktoba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imezingirwa ndani ya mikoko, kwenye mikono ya mto ambayo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuiingia. Wajerumani walitawanya walinzi kwenye visiwa na kingo za mto, wakawaunganisha na meli yao kwa waya wa simu. Mlinzi akiona moshi baharini, taarifa ilipita kwenye waya katikati ya matope na mikoko hadi kwa nahodha Max Looff. Waingereza hawakuwa na waya pale. Walikuwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia, na ndani ya ndege mtu wa kutazama aliyetuma ishara za redio kwenda kwa meli zao mbili za kina kifupi, Severn na Mersey: risasi imepita mbele, imepungua, sogeza kushoto.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai walirudi. Ndege ya rubani John Cull ilipigwa ikaanza kushuka, na mwenzake Harwood Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha hewani hadi walipoangukia mtoni. Wote wawili waliokolewa. Jioni ya siku hiyo Königsberg haikuwa tena na uwezo wa kupigana.

Nimeanza na vita hivyo kwa sababu siku ile simu ya waya na simu ya upepo, yaani redio, zilikutana Rufiji kama maadui. Zilikaa mbalimbali kwa miaka mingi baadaye, kila moja na watu wake, kila moja na kazi yake, hadi kilipokuja kisanduku kidogo cha kuziunganisha. Historia ya kisanduku hicho haijaandikwa sana, kwa kuwa kilifichwa kwenye makabati ya mafundi na hakuna aliyekizindua kwa kukata utepe. Ukitaka kukielewa, huna budi kuitazama nchi ukiwa umesimama mahali ambapo waya haukuwa na sababu ya kufika. Mloka ni mahali pa namna hiyo.

Waya ulikuja kwetu kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu iliyotoka Aden kwenda kusini mwa Afrika iliitia Zanzibar kwenye mtandao wa dunia. Mwaka 1890 ikavutwa kebo kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na kabla karne haijaisha Wajerumani walikuwa wamesimamisha nguzo kuelekea Kilwa na Lindi. Njia ile ilifuata pwani, maana ndiko zilikokuwa boma, bandari na forodha. Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakubadili mantiki hiyo. Mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya uongozi mmoja, na waya ukaendelea kwenda ulikokuwa na mteja: mkuu wa wilaya, shamba la mkonge, reli, duka kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na shirika lake la posta na simu. Shirika hilo liligawanywa kwa sheria za mwaka 1993, na mwanzoni mwa 1994 kampuni ya simu, TTCL, ikaanza kazi ikiwa imerithi nguzo, vyumba vya mitambo na orodha ndefu za watu waliokuwa wakingoja laini.

Mloka iko upande mwingine kabisa wa mantiki hiyo. Ni kijiji cha kata ya Mwaseni, wilaya ya Rufiji, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto, mbali na delta na mbali na barabara kuu ya kusini. Ukitoka Kibiti unaiacha lami, unakwenda magharibi kwenye njia ambayo mvua za masika huigeuza kuwa tope. Ukiipita Mloka kidogo unafika lango la Mtemere, na baada ya hapo ni hifadhi: zamani Selous, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watu wa bonde hili wamezoea kuhamishwa na maji na serikali kwa pamoja. Baada ya mafuriko ya 1968 waliondolewa kwenye mashamba yao ya bondeni wakapangwa katika vijiji vya nchi ya juu. Hakuna mhandisi wa simu ambaye angevuta waya wa shaba hadi huko kwa ajili ya wakulima wa mpunga na wavuvi, na tembo wakiwa jirani wa kila nguzo.

Basi huko kulitawala simu ya upepo. Askari wa wanyamapori walikuwa nayo kwenye vituo vyao, na kambi za watalii zilipoanza kuota kando ya mto na kando ya maziwa ya hifadhi, nazo zilisimamisha nguzo na kutandaza waya wa antena juu ya miti. Redio za masafa marefu zina tabia zake. Mawimbi yake hupanda angani, hugonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini mamia ya kilomita mbali, na tabaka hilo hubadilika kwa saa. Masafa yanayosikika asubuhi hufa mchana, na ya usiku ni mengine. Kwa hiyo watu waliwekeana miadi: saa fulani kila siku kambi inaitwa, inajibu, inapokea orodha ya wageni na kuagiza mchele, dizeli na vipuri. Anayezungumza anamaliza, anasema ova, ndipo mwenzake ajibu. Na kila mwenye redio kwenye masafa hayo anasikia, hata habari za ugonjwa na msiba.

Tatizo halikuwa redio yenyewe, maana kwa kazi yake ilikuwa imara na bado ninaiheshimu. Tatizo lilikuwa Dar es Salaam. Ofisi ya kampuni ya utalii mjini ilikuwa na simu ya mezani upande mmoja wa chumba na redio upande wa pili. Mteja wa Ulaya alipiga kwenye simu, na kambi iliita kwenye redio. Baina ya viwili hivyo alikaa mtu na kalamu. Aliyasikia maneno huku, akayaandika, akangoja saa ya miadi, akayasema kule, kisha akarudi na jibu kwa mteja ambaye pengine alikwisha kulala au kwenda kwa mshindani. Ndoa ya waya na upepo ilifungwa kwenye karatasi, kwa mkono wa karani.

Mwaka 1994 Mobitel ilianza huduma ya simu za mkononi nchini. Ikaja Tritel, kisha Zantel mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na laini za mezani zisizofika laki mbili, na sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Simu ya mkononi ikaipita ya mezani kabla watu hawajazoea hata kuitamka. Hapo ofisi za mjini zikajikuta kwenye mtego mpya. Zilikuwa na swichibodi nzuri, na kila meza ilikuwa na ekstensheni yake, lakini wateja, madereva, mawakala na mafundi walikuwa wamehamia kwenye simu za mkononi. Kila mara mezani ilipoipigia mkononi, bili ilipanda. Wenye ofisi wakafanya walichoweza: fundi aliambiwa aipange swichibodi ikatae namba zote za mkononi isipokuwa kutoka kwa meneja. Kwingine simu ya kuzungusha ilifungwa kufuli halisi la chuma kwenye tundu la namba. Mfanyakazi aliyetaka kumpata dereva alitumia simu yake mwenyewe, na vocha yake mwenyewe.

Sababu ya bili ile ilikuwa ndani ya mfumo. Simu ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wa kwanza humlipa wa pili kwa kila dakika, na hizo ndizo gharama za mwingiliano. Anayepiga ndani ya mtandao wake hatozwi hizo. Kwa hiyo dakika ya Vodacom kwa Vodacom ilikuwa na bei yake, na dakika ya mezani kwa Vodacom ilikuwa na bei nyingine, kubwa zaidi, ingawa sauti ni ileile na mtu ni yuleyule.

Ndipo kisanduku kikapata kazi. Mafundi hukiita getwei. Kwa umbo ni boksi la bati au plastiki lenye antena, na ndani yake mna moduli ya redio ileile iliyomo kwenye simu ya mkononi, pamoja na mahali pa kuchomeka laini: moja, nne, nane, au zaidi. Upande wa nyuma kuna tundu la waya wa simu. Swichibodi ya kawaida, tuseme zile za Panasonic zilizojaa maofisini, inatarajia mambo machache kutoka kwenye laini ya nje: umeme kidogo kwenye waya, mlio wa kuonyesha laini iko tayari, na mlio wa kuita mtu anapopigiwa. Kisanduku kinavitoa vyote hivyo. Swichibodi inaamini imeshikana na TTCL, na mnara wa simu unaamini unazungumza na simu ya mtu aliyesimama barabarani. Kisanduku ni mkalimani kati yao, na mkalimani mwaminifu hafahamiki hata na wale anaowatafsiria.

Watengenezaji kama 2N wa Prague, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1991, walivifanya visanduku hivi kuwa na akili zaidi ya mkalimani. Fundi aliingiza laini ya kila mtandao, kisha akakifundisha kisanduku kusoma tarakimu za mwanzo. Namba ikianza na 0744, toa kwa laini ya Vodacom. 0741, toa kwa Mobitel. 0748, toa kwa Celtel. Kila simu ikatoka kwa mlango wa nyumbani kwake, na bei ya mwingiliano haikuguswa. Katikati ya miaka ya 2000 tarakimu hizo zilipobadilishwa, 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713, 0748 ikawa 0784, mafundi wakalazimika kurudi kila ofisi na kuandika upya jedwali.

Vilikuja na uwezo mwingine ambao naupenda zaidi kuliko ule wa kuokoa pesa. Kisanduku kiliweza kukumbuka ni ekstensheni gani iliyompigia mteja ambaye hakupokea. Mteja akipiga baadaye, hakupitishwa mapokezi aeleze upya shida yake, alipelekwa moja kwa moja kwenye meza iliyomtafuta. Aina nyingine ziliielewa bipu: mfanyakazi aliyeko porini anabipu, kisanduku kinaitambua namba yake, kinaikata, kisha kinampigia kwa gharama ya ofisi na kumpa mlio wa swichibodi. Wahandisi walioubuni uwezo huo walikuwa mbali na sisi, lakini ukaangukia kwenye desturi iliyokuwa tayari imeota mizizi kila kijiji cha Tanzania.

Sasa urudi mtoni, maana huko ndiko kisanduku kilikogeuka maana.

Dar es Salaam kilikuwa kifaa cha kukwepa bei. Kwenye kambi au nyumba ya wageni iliyo mbali na waya, kilikuwa laini yenyewe. Kazi ni hivi. Simu ya mkononi haishiki ndani ya hema wala chini ya mikoche kando ya maji, lakini ukipanda juu, ishara inakuja. Basi unasimamisha nguzo ndefu, juu yake unafunga antena ya vijiti iliyoelekezwa kwenye mnara, unashusha kebo hadi kisandukuni, na kisanduku unakishikanisha na swichibodi ndogo. Umeme unatoka kwenye betri za sola. Mapokezi, jikoni, karakana, kwa meneja na kwenye mahema, kila mahali panapata simu ya mezani, yenye waya, inayoita ndani kwa ndani bure na kutoka nje kupitia laini moja au mbili. Mwenye hema la mwisho akiumwa usiku, ananyanyua mkono wa simu. Hahitaji kujua kwamba mbele ya waya ule kuna upepo.

Kuna kikomo ambacho nguzo ndefu haikishindi. Mfumo wa GSM hugawa muda kwa vipande vidogo, na mnara humwambia kila mwenye simu aanze kusema mapema kiasi gani ili sauti yake ifike kwa zamu. Hatua za kusahihisha huko zipo 63, kila moja karibu mita 550, na jumla yake ni takriban kilomita 35. Zaidi ya hapo unaweza kuiona ishara imejaa kwenye kioo, na mnara usikukubali. Kwenye nchi tambarare kama bonde la Rufiji, ambako wimbi linakwenda mbali bila kuzuiwa na mlima, mpaka huo wa hesabu ni mpaka wa kweli. Ndiyo maana suala la nani atajenga mnara, na wapi, halikuwa dogo. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kampuni zilipwe ruzuku ya kupeleka minara kule ambako hesabu za biashara peke yake zingesema hapana. Mfuko huo ulitoa kwa upepo kile ambacho enzi ya waya haikuwahi kutoa: kukubali kwamba mkulima wa mbali naye ni mteja.

Lakini kisanduku kile kile kilikuwa na ndugu mbaya. Simu za kutoka ng'ambo huingia nchini kwa bei kubwa kuliko za ndani, na sehemu ya fedha hiyo ni ya serikali. Mtu mwenye kisanduku cha laini nyingi na intaneti ya kasi, hasa baada ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, aliweza kuzipokea simu za London au Dubai kwa intaneti na kuzitoa kwenye laini za kawaida kana kwamba zimepigwa Kariakoo. Mpokeaji alishangaa: ndugu yake yuko Muscat, namba inayoonekana ni ya Tanzania. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaanzisha mwaka 2013 mfumo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, wenye uwezo wa kuzinasa laini za aina hiyo, na watuhumiwa wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Hatukuwa peke yetu. Uingereza nako Vodafone ilizikata laini za kampuni ya Floe Telecom mwaka 2003 kwa sababu ya visanduku, na mabishano yakazunguka mahakamani kwa miaka.

Nauona msako ule kuwa wa haki, ila uliwagusa pia wasiohusika. Mfumo unaosaka laini isiyotembea, inayopiga tu saa zote kutoka mnara mmoja, hauwezi kwa kuitazama kujua kama ni mwizi wa mjini au kambi ya porini. Usajili wa laini ulioanza 2009, na ule wa alama za vidole ulioanza 1 Mei 2019 na kufuatiwa na kuzimwa kwa laini kuanzia 20 Januari 2020, uliongeza uzito: laini iliyochomekwa kisandukuni haina kidole, lazima mtu au kampuni iibebe kwa jina lake. Ofisi iliyofuata taratibu, kifaa kikiwa kimeidhinishwa na laini zikiwa zimeandikishwa, ilibaki salama.

Kilichoua kisanduku mjini hakikuwa polisi. Kilikuwa bei. Mwaka 2013 TCRA ilishusha gharama za mwingiliano kutoka shilingi 112 kwa dakika hadi 34.92. Zikaendelea kushuka kila mwaka: 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, na shilingi 2 mwaka 2022. Pengo lililokilisha kisanduku lilijifunga taratibu. Katikati ya mteremko huo, 1 Machi 2017, Watanzania wakaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Siku hiyo jedwali la mafundi lilipoteza ukweli wake, maana 0754 ingeweza kuwa ya mtandao wowote, na kisanduku kilichoamini tarakimu kingeweza kuitoa simu kwa mlango usio wake. Leo kampuni ya Dar es Salaam hununua laini za swichibodi moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma kupitia intaneti.

Kwenye bonde la Rufiji hesabu ni nyingine, kwa kuwa kule kisanduku hakikuwekwa kwa ajili ya shilingi 112. Kiliwekwa kwa kuwa waya haukuwepo, na bado haupo. Juu ya mto sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 na kuanza kuzalisha umeme Februari 2024. Aprili ya mwaka huohuo mafuriko yalizifunika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mto ukiongezeka, Mloka ni miongoni mwa vijiji vya kwanza chini ya bwawa kuyaona maji. Mahali kama hapo, simu ya zahanati, ya shule, ya ofisi ya kijiji au ya kambi inayoita kwenye chumba chenye mtu muda wote ina thamani ambayo simu ya mfukoni iliyozimika chaji haina.

Visanduku vingi vilivyofungwa miaka ya 2000 vinajua lugha moja tu, GSM ya kizazi cha pili. Nchi kadhaa duniani zimeshazima minara ya kizazi hicho ili masafa yake yatumike kwa intaneti. Kisanduku cha kisasa cha kizazi cha nne nacho, minara ya zamani ikizimwa, hakisaidii kitu kwa sauti kama hakikubaliwi na mtandao kupiga simu juu ya intaneti yake, na kukubaliwa huko hutofautiana mtandao kwa mtandao. Atakayepanga tarehe ya kuzima minara hiyo Tanzania atakuwa na orodha ya laini za mkononi zilizosajiliwa, zenye majina na vidole. Simu ya mezani iliyo nyuma ya swichibodi huko mtoni haimo kwenye orodha hiyo. Inayoonekana ni laini moja tu, haitembei, na kwa jedwali la mtandao ni mteja mmoja mwenye simu ya zamani. Kabla ya siku hiyo mtu afike Mloka, apite kambi kwa kambi na ofisi kwa ofisi, anyanyue kila simu ya mezani aulize mbele yake kuna nini.